Tanuri la San Ildefonso

Tarabamba,
Machi 3, 1996

Mwanangu Nélida,

Salamu zikufikie huko kwenye baridi ya La Paz, na zikukute umevaa soksi. Mimi mzima, isipokuwa lile goti la kushoto, ambalo limezoea kunisumbua kiasi kwamba nikilikosa siku moja najiona mgeni. Kuku wazima. Mama yako wa ubatizo, Basilia, anakusalimu na anauliza kama umeshapata mchumba au bado unachora majumba ya watu.

Habari ya kwanza: tumesikia. Severo ndiye aliyetangaza uani kwa chuo Jumamosi, mdomo umejaa mkate: "Binti wa marehemu Crisóstomo ndiye atakayetukarabatia chuo." Watu wakanipigia makofi mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyesoma. Nikayapokea.

Severo anajitahidi. Tanuri la chuo analiwasha kila Jumamosi kama alivyoliwasha baba yako, ila anaunguza kingo. Mtaa unakula, unanung'unika, na wiki inayofuata unarudi na unga wake. Wanafunzi wa sheria bado wanaweka meza zao za ushauri chini ya matao, wale wa udaktari wanapima presha, na sisi tukingoja mkate tunasema shida zetu. Lakini Severo hana masikio. Baba yako akikuona umekaa kimya alikuwa anakuuliza, "Unangoja mkate au unangoja kitu kingine?" Ukishamweleza, anakuonyesha meza ya kwenda. Huyu anauliza tu, "Beseni lako lipi?"

Sasa neno kubwa. Novemba hii ni ya tatu tangu baba yako alale. Unajua maana yake: roho yake inakuja kula nasi mara ya mwisho, adhuhuri ya Watakatifu Wote, na kesho yake tunaiaga, haitarudi tena mezani. Mwaka wa kwanza ulikuwa na mtihani. Wa pili ulikuwa na mafua. Sikukuuliza ni mafua gani yanayomzuia mtu kupanda basi. Mwaka huu nataka mikono yako kwenye unga. Mtoto wa mkate, ile sanamu ya unga yenye uso wa baba yako, tutamfinyanga wawili, tutamwoka kwenye tanuri lake mwenyewe, kisha tutamweka mezani.

Nakusubiri.

Mama yako.


La Paz,
Machi 21, 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imeletwa na dereva wa basi, Ponciano, pamoja na mkate, na mkate umepungua upande mmoja. Nadhani njaa ilimshika njiani, kule Oruro. Mimi mzima na soksi nimevaa. Mwambie mama yangu wa ubatizo kwamba mchumba akipatikana yeye ndiye atakuwa wa kwanza kumkataa.

Ni kweli, kazi ni yangu. Chuo cha San Ildefonso kinatimiza miaka mia tatu na hamsini mwaka huu, na jengo kongwe lilikuwa linakaribia kutuangukia. Matao yamepasuka, na wale malaika waliochorwa darini wameliwa na masizi hata huoni nyuso zao. Wafadhili wametoka Ulaya. Mimi nimechora karibu kila kitu, kuanzia lango la mawe mpaka ua wa nyuma.

Kuhusu tanuri sikuambii kitu. Nimelitengea heshima ambayo hakuna kingine ndani ya chuo kitakachoipata. Ufunguzi ni Oktoba 31, siku yenyewe ya kuoka mkate wa Watakatifu Wote, kwa hiyo hata nikitaka kukimbia siwezi. Nitakuwepo.

Mwanao, Nélida.


Tarabamba,
Mei 12, 1996

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na una hamu ya kula. Hapa tunamshukuru Mungu. Viazi vimetoka vingi na bei imeanguka. Anayeuza analia, anayenunua anacheka.

Mafundi wako wamefika. Wamefunika matao yote kwa turubai la buluu, chuo kizima kimekuwa kama mgonjwa aliyefungwa bandeji. Sawa, mgonjwa lazima atibiwe. Wametukataza kuingia uani tusije tukaangukiwa na mawe. Severo wamempeleka getini. Unga wetu tunaoka kwa Ugarte, kwenye tanuri lake la gesi. Mkate unatoka mweupe kama mtu aliyetoka kuogopeshwa, na Ugarte anataka uchukue wako uondoke, hapendi watu kukaa.

Meza za sheria zimehamishiwa jengo jipya, kule karibu na kituo cha mabasi. Ijumaa nilimsindikiza Basilia. Unajua shida yake: tangu mumewe afe, mashemeji wanataka kumtoa kwenye nyumba, na sasa mahakama imemletea karatasi. Tulipofika, mlinzi akamwambia, "Mama, chukua namba."

"Ya nini?"

"Ya kuitwa."

"Mimi nina jina."

"Mama, huku tunaita namba."

Akaichukua. Tukakaa kwenye viti vya plastiki, kila mtu anatazama mbele kama kanisani. Ndani kuna kijana nyuma ya kioo, na ukitaka akusikie lazima upaze sauti mpaka wa mwisho mlangoni asikie. Ilipokaribia namba yake Basilia akasimama, akajifunga shali, akasema ameacha maharage motoni. Hakuwa na maharage motoni. Uani angelisema lile jambo huku anakanda, macho kwenye beseni, bila kumtazama mtu usoni. Kule mikono haina la kufanya.

Upande wa tanuri mafundi watamaliza lini? Nimemuuliza msimamizi, akacheka akaniambia, "Mama Hilaria, muulize binti yako." Basi nakuuliza.

Mama yako.


La Paz,
Mei 30, 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa goti na kwa mkate wa Ugarte. Mimi mzima, ila usingizi umekuwa mchache.

Nilitaka iwe siri mpaka siku ya ufunguzi, lakini umeuliza. Naweka mchoro ndani ya bahasha. Huo mduara ni tanuri. Mbele yake kuna kioo kutoka sakafuni hadi juu, na ndani taa ndogo ya rangi ya moto, ili anayepita alione kama linawaka. Kando yake kuna kibao cha shaba chenye jina la Baba na miaka aliyolitumikia. Mama, kwenye kuta za chuo kile kuna majina ya maaskofu na majaji, na hakuna hata jina moja la mtu aliyebeba kuni. La Baba litakuwa la kwanza. Nimelipigania ofisini wiki nyingi.

Halitawashwa tena. Moshi umeharibu dari, na wafadhili wameandika kwenye mkataba kwamba ndani ya jengo kongwe hapatawashwa moto. Lakini litatunzwa, na hakuna atakayeligusa. Mkate wa Baba tutauoka kwa Ugarte. Nitamlipa atuachie asubuhi nzima peke yetu. Na ile ofisi mpya ya sheria ina vyumba na kompyuta, watu watazoea.

Najua utalia ukiona jina. Mimi nililia nikilichora.

Mwanao, Nélida.


La Paz,
Julai 8, 1996

Mama,

Shikamoo. Kila Ponciano akifika namuuliza, na kila mara anasema hana barua yangu. Anasema alikuona kituoni, umesimama vizuri, ukampa mzigo wa mtu mwingine. Unaumwa? Nimekosea nini? Nakutumia koti la sufu ya alpaka kwa ajili ya baridi hii. Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao.


Tarabamba,
Agosti 11, 1996

Nélida,

Salamu. Mimi mzima. Koti nimelipata, lina joto, nimelivaa hata sasa ninapokuandikia, kwa hiyo usije ukasema nimekurudishia.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na barua ya hasira ukishampa dereva huwezi kuikimbilia. Sasa nimepoa. Kidogo tu.

Mashemeji wamemtoa Basilia. Karatasi ile ya mahakama ilikuwa na siku zake za kujibiwa, siku zikapita, hakuna aliyejibu. Walikuja na fundi wa makufuli na askari mmoja ambaye muda wote alitazama viatu vyake. Vyombo vya Basilia viko sebuleni kwangu na yeye analala kwenye kitanda chako. Huyu ni mama yako wa ubatizo, aliyekushika kichwa maji yalipomwagwa. Nikamuuliza, "Kwa nini hukurudi kule kwenye namba?" Akaniambia, "Nilikuwa nangoja tanuri lifunguliwe." Si mpumbavu, Nélida. Wengi wanangoja. Jumamosi wanapita nyuma ya chuo, wanatazama turubai, wanaulizana lini.

Na wewe unanitumia mchoro wa taa ya rangi ya moto.

Jina la baba yako linapendeza kwenye shaba, sikatai. Nililisoma kwa herufi alizonifundisha mwanafunzi mmoja wa ualimu palepale uani, nikingoja mkate, wewe ukiwa mgongoni. Lakini kioo ni cha nini? Baba yako maisha yake yote alikuwa akiwaambia watu wasogee karibu. Wewe unawawekea kioo wasimame mbali, wamtazame kama samaki kwenye barafu.

Kwa Ugarte siendi. Kama tanuri halitawaka, meza ya baba yako mwaka huu haitakuwa na mkate, na utakuja wewe mwenyewe umweleze kwa nini.

Mama yako, Hilaria.


La Paz,
Agosti 19, 1996

Mama,

Shikamoo. Nimelia kwa ajili ya mama yangu wa ubatizo. Barua yake ni hiyo nyingine, naomba umpe mkononi.

Lakini na mimi nina langu, na nimelibeba tangu mazishi. Tanuri lile ndilo lililomuua Baba. Halina bomba la moshi, halijawahi kuwa nalo. Moshi unatokea mdomoni, palepale anaposimama mtu. Mapadri walilijenga hivyo kwa sababu wao hawakuwa wa kusimama pale. Nimekua nikimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta. Siku daktari alipotuonyesha picha ya mapafu ulikuwepo, uliona. Uani kila mtu alimpenda Baba, kila mtu alikula mkate wake, na hakuna hata mmoja, awe wakili au hao wapima presha, aliyemwambia, "Crisóstomo, toka hapo." Wewe pia hukumwambia.

Mwaka wa kwanza sikuwa na mtihani. Wa pili sikuwa na mafua. Nilishindwa tu kujiona nimeshika mkate uliotoka mle ndani na kusema ni zawadi yake. Walipotupa kazi ya chuo nilifurahi, nakwambia kweli, kwa kuwa sasa nilikuwa na uwezo wa kulizima. Nililizima kwa heshima, kwa kioo na kwa shaba, lakini nia ilikuwa kulizima.

Sasa unajua. Ukitaka kunikasirikia, una haki.

Nélida.


Tarabamba,
Septemba 1, 1996

Binti yangu,

Nakusalimu kwa upole kuliko mara ile. U mzima? Unakula? Basilia ameisoma barua yako, ameikunja ndogo na kuiweka kifuani, na haniambii ulimwandikia nini.

Nilimwambia, Nélida. Hukusikia kwa sababu nilimwambia ukiwa umelala, na baadaye ukiwa umekwenda zako La Paz. Nilikwenda mpaka kwa mkuu wa chuo, nikaomba apewe kazi ya getini, ya kukaa kwenye kiti. Wakampa. Hakumaliza wiki. Akarudi nyumbani akaniambia, "Getini watu wananipita, Hilaria. Pale hawanipiti." Nilimkasirikia sana. Bado namkasirikia, na Novemba nitamwambia, akishakula. Kwa hiyo usidhani una huzuni yako peke yako. Ni moja, tumeigawana vibaya.

Ila nataka ujue na hili, maana ulikuwa mdogo. Mwaka ule wanajeshi walipofunga chuo walitia mnyororo kwenye lango kubwa na kuwafukuza walimu. Mlango wa nyuma, wa kupitishia kuni, hawakuufunga, kwa sababu wake zao nao walitaka mkate. Basi baba yako akawasha. Jumamosi ile Daktari Peñarrieta, mwalimu wa sheria, akaingia amevaa aproni yangu na shali kichwani, beseni mkononi, na nyuma yake wanafunzi wake na unga ambao hakuna kati yao aliyejua kuukanda. Alifundisha huku anakanda. Askari akachungulia, akasema, "Mbona mama huyu ana ndevu?" Baba yako akamjibu, "Ni mjane, mwache." Askari akapewa mkate wa moto akaenda zake.

Wenye kuandika vitabu wataandika kwamba chuo kilifungwa. Sisi tunajua kilikuwa wazi, huku nyuma, kwenye moshi. Hicho ndicho ninachokililia, silii matofali. Moshi wenyewe sikuupenda hata siku moja. Ukipata namna ya kutuachia kimoja bila kingine, nitakupigia makofi, na safari hii yatakuwa ya kwako.

Mama yako.


La Paz,
Septemba 14, 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako mpaka imepata madoa ya chai. Niliposoma juu ya yule mjane mwenye ndevu nilicheka peke yangu ofisini, kisha nikashindwa kueleza wenzangu kwa nini nafuta machozi.

Nimechora upya, mchoro huu hapa. Kioo nimekitoa, na gharama yake nimeihamishia kwenye bomba la moshi. Linatoka mgongoni mwa tanuri, linapenya ukuta wa nyuma na kupanda kwa nje, mbali na malaika. Juu ya mdomo nimeweka kofia ya bati ya kuvuta moshi. Atakayesimama pale atavuta hewa kama mimi na wewe. Meza za chini ya matao nazo nimezichora, ili asiyewahi kufika Jumamosi aelewe kwamba ni sehemu ya jengo.

Bosi wangu hataki. Wafadhili hawataki. Lakini jengo ni la chuo, na chuoni mwenye kauli ni baraza, nusu walimu na nusu wanafunzi, kama waliotutangulia walivyolipigania. Nimelipelekea baraza mchoro huu kwa jina langu mwenyewe. Watakaa Oktoba 4. Bosi amekataa kunipa ruhusa ya kusafiri. Kikao ni cha wazi, Mama. Nenda ukakae.

Mwanao, Nélida.


Tarabamba,
Oktoba 6, 1996

Nélida wangu,

Pokea salamu za watu wengi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Sote wazima na koo zimekauka kwa kusimulia.

Tulikwenda. Basilia alipita nyumba kwa nyumba, na kila mwanamke akaja na beseni lake la unga limefunikwa kitambaa. Hatukupanga. Ni kwamba mtu wa mtaa wetu hajui kuingia chuoni mikono mitupu. Ukumbi wote ukanukia hamira, na wajumbe wakaanza kumeza mate kabla ya dua ya kufungua.

Mkuu wa chuo, Daktari Zamorano, si mtu mbaya. Alisema urithi ni kitu dhaifu, lazima ulindwe. Akasimama binti mmoja wa upande wa wanafunzi, anaitwa Zulma.

"Ulindwe dhidi ya nini, Daktari?"

"Dhidi ya matumizi."

"Basi tufunge na maktaba, maana vitabu vinachakaa vikisomwa."

Watu wakacheka, na mkuu naye akatabasamu. Kisha akaeleza kwamba tukiwasha moto wafadhili wataondoa fedha za dari ya matao ya ua wa nyuma, na malaika wa upande ule watabaki na masizi yao. Akanigeukia. "Mama Hilaria, nikuulize wewe. Wale malaika si wenu pia?"

Nikasimama, goti likalia, ukumbi mzima ukasikia. Nikamwambia, "Ni wetu, Daktari. Tumewatazama tangu utoto tukingoja mkate. Ni weusi kwa sababu walikuwa nasi." Nikakaa.

Wanafunzi karibu wote wakainua mikono. Walimu wakagawanyika. Daktari Peñarrieta sasa ni mzee sana, anatembezwa kwa kushikwa mkono. Badala ya mkono akainua fimbo. Jirani yake akamnong'oneza, "Daktari, unajua unachopigia kura?" Akajibu kwa sauti, "Napigia ndevu zangu." Hakuna aliyeelewa isipokuwa sisi wa nyuma. Ikapita.

Mafundi wanaanza bomba kesho. Meza zinarudi. Zulma ameshachukua karatasi za Basilia; anasema mlango wa rufaa upo, mwembamba, ila upo. Basilia aliyasema yote bila kupaza sauti, mikono ikiwa kwenye beseni.

Makofi yako nimekuwekea. Njoo uyachukue.

Mama yako.


La Paz,
Oktoba 27, 1996

Mama,

Shikamoo, na shikamoo kwa mama yangu wa ubatizo. Mimi mzima.

Bosi amenitoa kwenye kazi ya chuo. Siku ya ufunguzi watahutubia wengine na jina langu halitatajwa. La Baba pia halitakuwepo, kibao kimeondoka pamoja na kioo. Nilidhani nitaumia, lakini jana nimelala usingizi ambao sijaulala tangu Mei.

Tatizo ni njia. Wakulima wamefunga barabara kabla ya Potosí kwa mawe na matairi. Ponciano anasema basi linafika kwenye mawe, watu wanashuka, wanavuka kwa miguu na mizigo yao, na upande wa pili wanapanda basi jingine kama lipo. Barua hii inatangulia kwa mkono wake. Mimi nimekata tiketi.

Nisipofika asubuhi ya kuoka, msimcheleweshee Baba mkate wake kwa ajili yangu. Lakini nitavuka.

Mwanao, Nélida.


Mezani kwetu,
Oktoba 31, asubuhi

Mwanangu,

Kama unasoma hii, umevuka. Habari za afya utaniambia kwa mdomo. Mlango sikuufunga.

Nimerudi chuoni na Basilia. Severo amewasha tangu alfajiri na nimekwenda kuona kwa macho yangu. Moshi unapanda kwa nje, unakwenda zake milimani. Severo amesimama mdomoni mwa tanuri hajakohoa hata mara moja, na ameudhika kidogo kwa kukosa cha kulalamikia. Kuna foleni ya mabeseni mpaka barabarani. Wakubwa wanahutubia kwenye lango la mbele. Huku nyuma hakuna aliyekwenda kuwasikiliza, meza zote zimejaa.

Supu ya karanga iko jikoni, kula kwanza. Kisha osha mikono mpaka kwenye viwiko. Katika beseni dogo, chini ya shali yangu nyekundu, yumo baba yako. Mwili nimeumaliza, mikono nimemkunjia kifuani, na ngazi yake ya mkate, ya roho kushukia, nimeshaipeleka motoni. Uso sijamwekea. Nikimfinyanga mimi anatoka kijana, kama nilivyompata sokoni na mzigo wa kuni. Mfanye wewe, unavyomkumbuka. Hata akitoka mgonjwa, mlete hivyohivyo.

Usikawie. Nafasi yako kwenye foleni nimeishika.

Mama yako.


Nyuma ya karatasi hiyohiyo

Mama,

Nakupa karatasi hii pamoja na beseni, maana nikifungua mdomo nitalia mbele ya watu.

Nilivuka. Supu nimekula, mikono nimeosha. Baba ametoka mzee, na mdomo nimemfumba, amepumzika. Ila masikio yamekuwa makubwa kupita kiasi, na motoni yatavimba zaidi. Sikuyapunguza.

Mwanao.